Bawa Alilolivunja Nguchiro kwa Kijiti

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo ndege na wanyama walikuwa wakiombana moto na chumvi kama majirani wengine wowote, aliishi Nguchiro katika kichuguu kilichohamwa na mchwa. Alikuwa kanyama kadogo, hata ndani ya kiatu angeenea. Lakini ujanja, loo! Ujanja ulimjaa mpaka ukamwagika.

Jirani yake alikuwa Hondohondo, bwana mkubwa, mdomo kama jembe, sauti ya kutikisa majani. Alikaa na mkewe, Bi Mwanakheri, katika tundu la mkwaju mzee hatua chache tu kutoka kichuguuni.

Siku moja ilivuma dhoruba. Vuuuu! Hondohondo alikuwa angani akirudi nyumbani. Upepo ukamzungusha, ukampindua, ukambwaga chini, pu! Bawa la kulia likateguka.

"Nakufa, jirani! Nakufa mie!"

"Hufi bwana," Nguchiro akamjibu, mbio mbio. "Mtu anayekufa hapigi kelele namna hiyo."

Akamkokota mpaka barazani kwake. Akamkanda kwa majani ya moto, akamlisha panzi kwa mkono wake mwenyewe, siku ishirini na zaidi. Hapo tumpe haki yake, wanangu, maana alifanya yote hayo kwa moyo safi. Yaliyofuata ndiyo ya kusikitisha.

Hondohondo alipoanza kutembea, Nguchiro aliona mambo matamu. Bwana mkubwa alikuwa akipita akipekua majani makavu kwa ule mdomo wake, na wadudu wakirukaruka huku na huku. Nguchiro yuko nyuma yake: nyam! nyam! nyam! Isitoshe, Mwewe, adui yake wa siku zote, aliposikia tu sauti ya Hondohondo inatoka chini, hakusogea karibu. Nguchiro akanenepa, akaanza hata kulala mchana.

Asubuhi moja Hondohondo akasema, "Jirani, naona bawa limepona. Leo nitajaribu kuruka."

Moyo wa Nguchiro ukashuka mpaka miguuni. Akiruka huyu, nani atanipekulia? Nani atamfukuza Mwewe? Nyuma yake palikuwa na kijiti kikavu. Akakiokota polepole, akakificha mgongoni.

Hondohondo akalikunjua bawa, taratibu, taratibu.

Kwach!

"Mama yangu!" Hondohondo akalikunja upesi. "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Nguchiro, uso ameukunja kwa huruma ya uongo. "Mfupa huo, ndugu yangu. Kumbe ulivunjika, na haujaunga."

"Mbona sikuhisi maumivu?"

"Ndiyo mbaya zaidi! Mfupa unaouma ni mzima, unapona. Usiouma huo umeshakufa."

Kesho yake bawa likakunjuliwa tena. Kwach! Keshokutwa, kwach! Nguchiro alikuwa akikusanya vijiti kama mtu anayejiandaa na masika. Mwezi ulipokwisha, hata kijiti hakikuhitajika tena. Hondohondo akitazama juu tu, miguu inamtetemeka. Ukimtajia mawingu, anaushika mti.

"Usijali," Nguchiro alimwambia. "Wangapi hapa nyikani wanatembea na wanaishi? Kobe ameruka lini?"

"Kweli, jirani. Ahsante."

Na kila alipoambiwa ahsante, Nguchiro alijisikia vibaya kidogo. Lakini kidogo tu, na mende akitokea, alisahau.

Basi ukafika msimu wa Bi Mwanakheri kutaga. Mnaijua desturi ya mahondohondo? Kama hamuijui, nitawaambia. Mke huingia tunduni, mume humletea udongo, naye huuziba mlango kutoka ndani mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo tu, ili nyoka asipate njia. Humo ndani hupukutisha manyoya yake yote ya kurukia. Tangu siku hiyo hawezi kwenda popote. Chakula chake na cha watoto ni juu ya mume.

Bi Mwanakheri alisimama mlangoni akasita.

"Mume wangu, na bawa hilo, utaweza?"

"Nitaweza. Miguu ninayo."

"Ingia bila wasiwasi, shemeji," Nguchiro akadakia. "Mimi nipo hapa."

Bi Mwanakheri akaingia. Alimwamini mumewe, na alimwamini jirani wa mumewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Hondohondo aliokota wadudu chini, akapanda mkwaju kwa kudunda tawi hadi tawi, akawapitisha ufani. Mayai yakaanguliwa. Watoto watatu! Chwii! Chwii! Chwii! Baba mtu alicheka peke yake kutwa nzima.

Lakini mwaka huo mvua ilikataa. Majani yakakauka, yakapeperuka, na wadudu wakaadimika. Hondohondo alitembea tangu alfajiri hadi magharibi, akarudi na panzi wawili. Wawili, kwa vinywa vinne! Yeye mwenyewe alikonda mpaka mdomo ukamwelemea.

Na ng'ambo ya genge, shimo refu lililoikata nyika, palikuwa na mkuyu uliozaa hadi matawi yamelala. Kwa mwenye mabawa, ni mruko mmoja tu. Kwa mwenye miguu, ni siku mbili kulizunguka genge na siku mbili kurudi.

"Baba watoto," Bi Mwanakheri aliita kwenye ufa, sauti imemkauka, "mkuyu si ule pale? Naunusa kutoka humu."

"Bawa, mke wangu. Bawa limekufa."

"Jaribu hata mara moja."

"Nikianguka, nani atawaletea hata hao panzi wawili?"

Nguchiro aliyasikia hayo yote. Alikuwa amelala barazani, ameziba masikio kwa mikono, lakini alisikia. Kesho nitamwambia, akajisemea. Kesho ikawa leo, naye akasema tena kesho. Aliogopa kuitwa mwongo, na zaidi ya hapo aliogopa kubaki peke yake na Mwewe.

Asubuhi ya siku ya tano alisikia, chwii! Kisha, chwii! Akangoja ya tatu. Akangoja sana.

Bi Mwanakheri akaita polepole, "Shemeji Nguchiro, upo? Huyu mdogo amelala, haamki. Nampapasa, haamki."

Nguchiro aliruka kutoka barazani. Alitimua mbio kumtafuta Hondohondo, akamkuta ukingoni mwa genge, anapekua vumbi tupu.

"Hondohondo! Bawa lako zima!"

"Nini?"

"Zima! Halikuvunjika. Ni mimi! Nilikuwa navunja vijiti mgongoni, wewe ukadhani ni mfupa. Nilitaka ukae chini unipekulie. Ni mimi, ndugu yangu, nimekudanganya!"

Hondohondo akamtazama kwa upole, tena upole mwingi.

"Wewe ni jirani mwema sana. Unajitia ubaya usio wako ili unipe moyo."

"Ala! Siongopi leo! Tazama!" Nguchiro akaokota kijiti. Kwach! "Sauti si hii?"

"Kijiti ni kijiti, jirani. Mfupa wangu naujua mwenyewe."

"Kunjua basi! Kunjua usikie!"

Hondohondo akajaribu. Bawa likafunguka robo, likaanza kutetemeka, akalikunja. "Siwezi," akasema, na machozi yakamtoka. "Usinilazimishe."

Mnaona, wanangu? Uongo ulikuwa wa Nguchiro, lakini hofu sasa ilikuwa ya Hondohondo mwenyewe, imekwisha ota mizizi. Ukweli haukuweza kuing'oa. Nguchiro akaona hana budi kurudi kwenye kazi anayoijua, yaani kudanganya.

Katikati ya genge lilisimama jabali jembamba. Ukingo uliunganishwa nalo kwa mzizi mmoja tu, mwembamba kama kidole, ambao hakuna aliyeweza kuupita ila kanyama kadogo. Juu ya jabali palikuwa na ufa wa kujificha. Nguchiro akaupita mzizi, tip, tip, tip, akasimama juu kabisa. Hesabu yake ilikuwa hivi: nitamwita Mwewe, nitapiga mayowe, Hondohondo ataruka kuniokoa, nami nitajitumbukiza ufani. Hakuna atakayeumia.

Akajaza pumzi.

"Mwewe! Mwewe weee! Mbona huonekani siku hizi? Nasikia kucha zako sasa ni za kumenyea vitunguu!"

Kutoka mbali juu, Mwewe akasikia. "Nani huyo anayenitukana?"

"Mimi, Nguchiro! Mnono, laini, na sina mlinzi leo!"

Shwaaaa! Mwewe akashuka.

"Jirani, nisaidie!" Nguchiro akapiga mayowe. Mwewe alipofika, kanyama kakajitupa ufani, chup. Kucha zikakwaruza jiwe.

Ukingoni Hondohondo alikuwa anadundadunda, anahangaika, anapiga ukelele. Lakini miguu haikuacha ardhi, na Mwewe alipoona hivyo hakumwogopa tena. "Siwezi, jirani! Bawa! Kaa humo humo, usitoke!"

Nguchiro akatoka.

"Mwewe! Hapo ndipo ulipofikia? Bibi yako alikuwa na shabaha kuliko wewe!"

Shwaaaa! Safari hii Nguchiro alichelewa kidogo. Ncha ya mkia ikabaki kuchani mwa Mwewe.

"Usitoke!" Hondohondo akalia. "Nakusihi, usitoke tena!"

Ndani ya ufa Nguchiro alijikunyata, damu inamtiririka mkiani. Akaelewa. Rafiki yake alijua kuna ufa. Madhali ufa upo, hataruka. Basi akatoka, akauacha ufa nyuma yake, akaenda mpaka ncha ya jabali mahali pasipo na pa kukimbilia. Akakaa. Hakutukana tena, hana matusi. Mzaha ulikuwa umekwisha, na aliogopa kweli kweli.

Mwewe akaona, akacheka, akakunja mabawa. Shwaaaa!

"Hondohondo!" Nguchiro akaita, na sauti hiyo haikuwa na hila hata chembe. "Nakufa, ndugu yangu!"

Hondohondo hakuwaza. Alijitupa gengeni. Akaporomoka kama gunia, chini, chini, na Nguchiro akafumba macho. Kisha akasikia, vup! Vup! Vup! Vup! Mabawa mawili makubwa yakapanda kutoka shimoni, na mdomo kama jembe ukampiga Mwewe ubavuni, ko! Manyoya yakatawanyika. Mwewe akaenda zake anapepesuka, na hakurudi.

Hondohondo akatua jabalini anahema, macho yanamng'aa.

"Nimeruka! Jirani, umeniona? Nimeruka mie!"

"Nimekuona."

"Na halikuniangusha! Na hali..."

Akalikunjua bawa la kulia. Akalikunja. Akalikunjua tena, akainamisha kichwa kusikiliza. Palikuwa kimya.

"Halilii," akasema.

"Halilii," akasema Nguchiro.

"Kwa hiyo yale uliyoniambia asubuhi..."

"Ni kweli."

"Vijiti."

"Vijiti."

Hondohondo akatazama upande wa mkwaju, ambako sauti zilikuwa mbili tu, ya mdogo haipo. Nguchiro akaona habari imemfika. Akaona uso wa rafiki yake ukibadilika mbele ya macho yake, na angetoa mkia wake wote, si ncha tu, ili asiuone.

"Nipige," Nguchiro akasema. "Huo mdomo wako, nipige nao."

"Nikikupiga, mdogo ataamka?"

Nguchiro akaketi pale pale juu ya jabali.

Hondohondo akaruka, vup, vup, mpaka ng'ambo. Akarudi na kuyu mdomoni, akaenda, akarudi, kutwa nzima hakupumzika. Jioni sauti mbili za mkwajuni zilikuwa na nguvu. Wale wawili wakashiba, wakakua, wakaota manyoya.

Siku ya kubomoa mlango ilipowadia, Bi Mwanakheri alitoka na wanawe wawili na manyoya mapya. Wanahamia ng'ambo, alisema, karibu na mkuyu. Kabla ya kuondoka alishuka kichuguuni kuaga. Hondohondo alibaki juu tawini.

"Shemeji," akasema Bi Mwanakheri, "mume wangu amenisimulia. Kwamba ulijitoa kwa Mwewe ili yeye apate moyo wa kuruka. Mkia wako huo ulikatika kwa ajili ya wanangu. Sina cha kukulipa."

Nguchiro akainua macho. Hondohondo hakumwambia nusu ya pili, ile ya vijiti, kwa sababu hakutaka mkewe aibebe. Nguchiro akafungua kinywa aseme mwenyewe, na kule juu Hondohondo akatikisa kichwa mara moja: la.

"Nilitaka yule wa tatu apewe jina lako," Bi Mwanakheri akasema. "Tulikuwa hatujampa jina bado."

Akamshika mkono, akaruka. Wakaenda wote wanne, vup, vup, vup, mpaka ng'ambo ya genge, na Nguchiro akabaki barazani, ahsante ile imemkwama kifuani kama mwiba.

Basi wanangu, amtiaye rafiki hofu ili amtumie, hofu ikimtoka rafiki, yeye hubaki na majuto.