Kwa Nini Wembe wa Msiba Huanza kwa Ndugu wa Marehemu

Wekeni wembe huo chini. Kabla hamjamgusa mjane, mtanisikiliza mimi shangazi yenu.

Zamani, ukoo wetu ulipokuwa ungali unaishi juu kwenye ukungu, kichwa kilichonyolewa msibani kilikuwa kimoja tu, cha mjane. Nywele zake ziliwekwa kaburini chini ya udongo wa mwisho, na bila nywele hizo kaburi halikufunikwa. Sharti lilikuwa ainame mwenyewe; nywele zilizonyolewa kwa nguvu hazikuhesabiwa. Wanaume wa ukoo walisimama pembeni, misuko yao mirefu imepakwa samli, wakisema nao wanaomboleza.

Akafa Kirita. Aliugua muda mrefu, na aliyemgeuza kitandani, akamlisha uji na kumfulia, alikuwa mkewe Nanzia. Mshitu, kaka yake Kirita, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji tu, hakuvuka hata mara moja kumwona. Siku ya maziko alivuka. Alikuja na wembe.

“Inama, shemeji,” alisema. “Watu wana njaa.”

Nanzia hakuinama. “Nywele hizi ni za nini?”

“Za kuonyesha umefiwa.”

“Na wewe hukufiwa?”

“Mimi nimefiwa moyoni.”

“Basi moyo wako umenona, maana samli inakuchuruzika hadi shingoni.”

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mshitu akafoka kwamba mwanamke huyu atamwacha ndugu yao wazi kama shimo la taka. Mawingu yalikuwa yameshuka, na matone ya kwanza yakaanza kuupiga mkeka aliofungiwa marehemu. Nanzia aliyaona. Aliyekuwa akilowa mle shimoni alikuwa mume wake. Hata hivyo hakuinama.

Ndipo Bibi Nakiete, aliyewazaa Kirita na Mshitu, alipoutwaa wembe mkononi mwa mwanawe.

“Mimi ndiye niliyemzaa,” alisema, “na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari za nywele zangu.”

Akajinyoa mwenyewe, bila maji, mvi zikaanguka kaburini. Kisha akamgeukia Mshitu.

“Keti.”

Mshitu akaketi. Mama yake hakutafuta maji kwa ajili yake pia. Misuko ilipokwisha kuanguka, wanaume wengine walisogea mmoja mmoja, wakanyolewa. Nanzia aliinama wa mwisho, kwa hiari yake, akilia kwa sauti kubwa, na kaburi likafunikwa.

Na tangu siku hiyo, wembe wa msiba huanza kwa ndugu wa marehemu, na mjane hunyolewa mwisho, akiwa ameinama mwenyewe. Hiyo ndiyo mila. Hii ya kumkandamiza mabega mmeitoa wapi? Mwachieni mikono. Na wewe shemeji yake, uliyejificha nyuma na kofia yako, ivue. Uje uketi hapa.