Kwa Nini Nyumba ya Kazeni Huomba K-nife

Ulikuwepo wakati ambapo katika nyumba ya Mzee Kazeni, juu milimani Upare, kisu kiliitwa kisu na goti liliitwa goti, basi. Leo ukialikwa huko siku ya sikukuu utamsikia mtu mzima mwenye mvi akinyoosha mkono juu ya sinia la nyama na kusema, "Nipe hiyo k-nife," na hakuna atakayegeuza shingo. Neno hilo si kosa, ingawa lilianza kama kosa. Wala lisitamkwe "kinife". Mtu wa nyumba hiyo haongezi irabu pale isipoandikwa.

Lilianza kwa Nakijwa, binti wa mwisho wa Mzee Kazeni. Wapo wanaosimulia kwamba alizaliwa kiziwi. Sivyo. Alizaliwa akisikia, aliimba kanisani, na alisoma kwenye darasa la misheni hata akazijua herufi zote za Kiswahili na sauti zake. Kisha homa ya uti wa mgongo ikapita milimani. Wengi waliolazwa nayo hawakuamka. Nakijwa aliamka, ila masikio yake hayakuamka pamoja naye.

Aliendelea kusema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na aliendelea kusoma. Misheni walikuwa wamemwachia kitabu cha Kiingereza chenye picha: kisu, na chini yake neno, goti, na chini yake neno, mwanakondoo, kisiwa, vivyo hivyo. Kwa kuwa hakuna sauti ya mtu ambayo ingemfikia, aliyasoma maneno yale kama Mswahili anavyosoma maneno yote, herufi kwa herufi, kwa maana katika Kiswahili hakuna herufi inayokula bure. Kisu akakiita k-nife. Goti akaliita k-nee. Mwanakondoo alikuwa lamb, na ile b ya mwisho aliipasua midomoni kama bisi.

Nietiwe, mtoto wa kaka yake, alikua ubavuni pake. Kila alasiri alikuta shangazi ameweka ungo wa unga magotini, na juu ya unga ule shangazi aliandika neno kwa kidole, akalitamka lote, akalifuta kwa kiganja, akamwambia aliandike yeye. Asipokosea, ungo ulitikiswa na neno jingine likaja. Hivyo mtoto yule alikijua Kiingereza kabla ya kukisikia.

Alipokisikia shuleni, aliaibika. Mwalimu alisema "naifu", darasa zima likasema "naifu", na Nietiwe peke yake akasema k-nife kwa sauti kubwa ya mtu mwenye hakika. Binamu yake Mbonea hakuliacha jambo lile liende bure. Tangu hapo, kila Nietiwe alipotokea kisimani, Mbonea alipiga ukelele: "Jamani, K-nife huyo anakuja! Ficheni vidole!"

Yote hayo yangekuwa utani wa watoto tu, lakini mwaka ule Nietiwe alikuwa anangojwa na mtihani. Shule ya kati ya wasichana, kule chini tambarare, ilichukua wachache kutoka milima yote. Asiyechukuliwa alirudi kukata majani ya ng'ombe na kungoja posa. Baba yake alikwisha kusema waziwazi: "Wakikuchukua, utakwenda. Wasipokuchukua, hakuna kurudia."

Basi alasiri moja aliingia kwa shangazi yake bila hata kusalimu. Akasimama mbele yake, usoni kabisa, ili midomo yake isomeke.

"Shangazi, umenifundisha vibaya. Ile K haisemwi."

"Haisemwi?"

"Haisemwi! Ni kimya. Watu wananicheka."

"Lakini inaandikwa?"

"Inaandikwa."

Nakijwa alikung'uta unga mikononi. "Mwanangu," alisema, "kwangu mimi zote ni kimya. Hata A. Hata jina lako. Nikianza kuziacha kwa sababu ziko kimya, nitabaki na ipi?" Akauvuta ungo magotini. "Huko shuleni semeni mnavyosema. Hapa kwangu, kila aliyeandikwa ataitwa."

Nietiwe hakuridhika, maana jibu la shangazi halikumfunga Mbonea mdomo. Ila tangu siku ile kila neno alilibeba mara mbili: la sikio, alilopewa na mwalimu, na la mkono, alilopewa na shangazi. Alijifunza kuyatenganisha kama mtu anavyotenganisha nguo za kanisani na za shambani.

Siku ya mtihani, kule chini kwenye shule ya kati, hofu ilizichanganya nguo hizo. Wasichana waliitwa mmoja mmoja kusoma kwa sauti mbele ya Mwalimu Tusekile, mwanamke mrefu aliyetoka mbali kusini, ambaye ilisemekana hajawahi kutabasamu tangu afike. Nietiwe alifungua kinywa na maneno ya mkono yakatoka yote. "Is-land," alisoma. "K-nee." Wenzake walichekea viganjani. Mwalimu Tusekile aliandika kitu bila kuinua macho, na Nietiwe akaona kama majani ya ng'ombe yanamsubiri mlangoni.

Kisha likaja zoezi la imla. Mwalimu alisoma sentensi polepole, kwa Kiingereza safi kilichomeza nusu ya herufi zake. Penseli za wengine zilikimbia, kwani waliandika walichokisikia. Ya Nietiwe ilikwenda taratibu. Kila neno lililoingia sikioni alilitafutia mwenzake kwenye ungo, na kila mara ile sauti isiyopanda wala kushuka ilimsomea kichwani, herufi kwa herufi, mpaka ile b ya mwanakondoo.

Karibu na mwisho likasomwa neno ambalo halikuwemo kitabuni mwa shangazi. Ilikuwa habari ya watu wanaosali, na watu wale, kwa sikio, walikuwa wakifanya "niil". Wenzake waliandika upesi wakapita. Nietiwe alisimamisha penseli. Kama ni kusali, aliwaza, basi ni kupiga magoti. Na goti lina K yake. Apigaye goti ataiachaje nyumbani? Akaandika K kwanza, kisha yaliyobaki yakafuata.

Jioni aliitwa mbele ya meza. Mwalimu Tusekile alikuwa na karatasi yake mkononi.

"Wewe ndiwe uliyesoma vile asubuhi?"

"Ndimi, mwalimu."

"Na nani alikufundisha kuandika?"

"Shangazi yangu."

"Kiingereza anakisema vizuri?"

Nietiwe aliwaza namna ya kujibu bila kusema uongo na bila kumwaibisha. "Hajawahi kukisikia, mwalimu."

Mwalimu Tusekile aliitazama tena ile karatasi, akaiweka kando ya zile nyingine. "Ulimi tutakunyoosha hapa hapa," alisema. "Mkono umeshanyooshwa. Nenda kamwambie baba yako akuandalie sanduku."

Nietiwe alifika nyumbani siku ya pili, akamkuta shangazi na ungo wake magotini. Njia nzima alikuwa ametafuta maneno ya kumshukuru, na yote aliyoyapata yalikuwa ya kusikilizwa. Akapiga magoti mbele yake, akanyoosha kidole, akaandika kwenye unga: kneel.

Nakijwa alilisoma kama asomavyo, lote. "K-neel. Hili silijui. Ndilo nini?"

Nietiwe alionyesha magoti yake yaliyokuwa chini kwenye udongo. Shangazi aliyatazama magoti, akautazama unga, kisha akaweka kidole kando ya ile herufi ya kwanza asiifute.

"Kumbe yupo hata humu," alisema.

"Yupo, shangazi."

Usiku wa kumuaga Nietiwe yalipikwa makande na akachinjwa mbuzi. Mbonea ndiye aliyepewa kazi ya kukata nyama, na kisu kilikuwa kwa Nakijwa. Wote walimngoja atoe utani wake, maana alikwisha kuueneza utani huo kila kona ya kijiji. Akainuka, akamgeukia Nakijwa ili amwone midomo, akasema bila kucheka, "Shangazi, naomba k-nife." Nakijwa akampa kisu kwa mikono miwili.

Na tangu mlo ule, watu wa nyumba ya Kazeni huko nje husema kama wasemavyo wengine, lakini wakirudi kwao humwita kila aliyeandikwa. Nakijwa amekwisha kulala kaburini, na Nietiwe amefundisha watoto wengi hata amestaafu. Ungo bado upo. Mgeni akilisikia neno lile na kucheka, huachwa acheke mpaka ashibe. Akishanawa mikono, huwekewa ungo wa unga magotini na kuambiwa kwa upole, "Haya, sasa liandike."