Matranki ya Shemeji Mughwai

Mlinzi asiyelisha hulinda ngozi.

Mmeisikia leo mkutanoni, mwenyekiti alipomwambia yule katibu aliyefungia vitabu vya maktaba kabatini mpaka mchwa wakavisoma kabla ya watoto. Watu wakacheka, nanyi mkacheka kwa sababu watu wamecheka, kisha mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Vizuri. Wafungeni hao mbuzi kwenye nguzo ya banda, mkae. Methali hii ilianza hivi, na mimi ninayewasimulia nilikuwapo, mwiko mkononi.

Mwaka ule nilikuwa mpishi wa uji katika shule ya msingi ya hapa makao makuu ya wilaya. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini nilikwenda shule kila siku kwa miaka kumi na tisa mingine baada ya hapo, kwa hiyo kama ni mahudhurio, hakuna profesa anayenishinda.

Ndipo vilipokuja vishikwambi, zile kompyuta bapa za kushika mkononi. Elfu moja na ishirini, kwa shule thelathini na nne, kila shule thelathini. Wakubwa walitaka kujaribu jambo jipya: watoto wa darasa la saba, wilaya nzima, wafanye mtihani wa majaribio kwa njia ya mtandao, siku moja, maswali yaleyale. Wilaya ikiweza kuuendesha, vishikwambi vinabaki kuwa mali ya shule. Ikishindwa, lori linavifuata Jumatatu na kuvipeleka wilaya nyingine.

Aliyepewa kazi ya kuratibu alikuwa Mwalimu Ntandu, binti mwembamba aliyetembea siku zote kama mtu anayewahi basi. Ndiye aliyeviomba vishikwambi hivyo miaka miwili mfululizo, barua juu ya barua. Alikuwa na kaunta buku moja nene, na humo kila shule ilikuwa na ukurasa wake: walimu wangapi, watoto wangapi, mtandao unashika wapi. Kuna shule mtandao ulishika nyuma ya choo tu. Nyingine ulishika juu ya kichuguu, na mchwa wenyewe hawakuwa na habari kama wamekalia mali. Chini kabisa ya kila ukurasa aliandika: umeme usipokuwepo, twende wapi. Vijiji vyote alivizunguka kwa pikipiki akitafuta jibu la mstari huo mmoja.

Nilimwuliza, "Mwanangu, hata kinyozi umemwandika?"

"Mama, kinyozi ana umeme wa jua. Umeme hauulizi kama unanyoa au unafundisha."

Sasa yupo mtu wa pili katika hadithi hii, na huyu nitamsema kwa raha zangu. Afisa mitihani wa wilaya alikuwa Mughwai, mdogo wa marehemu babu yenu. Kwangu mimi ni shemeji, na shemeji ni mtu wa kutaniwa, asipotaniwa anadhani umemchukia. Alikuwa amelinda karatasi za mitihani miaka ishirini na saba, na hata karatasi moja haikuwahi kuvuja. Msimcheke haraka. Alishawahi kuona wilaya ya jirani mtihani ukivuja, matokeo ya watoto wote yakafutwa, wenye hatia na wasio na hatia. Baadhi ya watoto wale mpaka leo wanaponda kokoto. Mtu akiona hayo, hujifunza kupenda kufuli.

Basi siku sita kabla ya mtihani, Mwalimu Ntandu akiwa huko vijijini anahangaika na vichuguu vyake, shemeji alitoa amri. Vishikwambi vyote virudishwe kutoka shuleni, viletwe stoo ya mitihani. Vikaletwa. Vikapangwa ndani ya matranki ya bati, kila tranki makufuli mawili, juu yake lakiri nyekundu, na mlangoni akasimamishwa askari mwenye bunduki, Afande Chilewa.

Ntandu aliporudi akakuta kazi imekwisha.

"Mzee," akasema kwa adabu, "vinahitaji kuchajiwa."

"Chaja zimebaki shuleni. Chaja haina siri."

"Basi tufungue tuvichaji humohumo stoo."

"Lakiri ikivunjwa kabla ya siku yake, huo si mtihani, ni gulio."

Binti akameza maneno. Yeye ni mdogo, yule ni mkubwa wake. Akajituliza kwamba kishikwambi kikizimwa, chaji yake hukaa hata wiki. Lile alilosahau kuuliza ni kama vimezimwa.

Ikafika Alhamisi ya mtihani. Asubuhi mapema magari na pikipiki zikasambaza matranki shule zote. Hapa kwetu, saa mbili, watoto wamekaa kwenye madawati, mashati yamepigwa pasi mpaka kola zinakata shingo, uji nimekwisha kuugawa. Shemeji Mughwai akavunja lakiri taratibu, kwa madaha, utadhani bwana harusi anakata keki. Akatoa kishikwambi cha kwanza, akampa Ntandu.

Ntandu akabonyeza. Cheusi.

Cha pili. Cheusi.

Cha tatu kikawaka, kikaonyesha alama nyekundu, kikazima, kama mgonjwa aliyesubiri ndugu wafike ndipo aage.

"Mzee, siku ya mafunzo viliwashwa. Nani alivizima kabla ya kuingia trankini?"

"Hakuna aliyevigusa," shemeji akajibu, kifua mbele. "Kuzima ni kugusa, na kugusa ni kosa la mtihani."

Kumbe siku zote sita vilikuwa macho! Vimo gizani ndani ya bati, vinatafuta mtandao usiopenya bati, vikitafuta na kutafuta mpaka vikazimia kwa njaa. Hapo simu ya Ntandu ikaanza kulia. Shule ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili. Zote zina habari moja: vyeusi.

Ntandu akapiga simu kwa wakubwa. Jibu likaja fupi: mtihani uwe umeanza kabla ya saa nane mchana, baada ya hapo mfumo unafungwa na hautafunguliwa. Akaja kukaa kwenye kizingiti cha jiko langu, simu mapajani. Nikadhani atalia. Hakulia. Alifungua kaunta buku, akaanza kusoma mistari ya chini.

"Kinyozi. Mashine ya kusaga. Zahanati. Msikiti. Kanisa. Mama, shuleni umeme hautoshi kuvichaji vyote kwa pamoja, lakini mahali pa kuvichaji papo. Kila kijiji papo."

"Sasa unangoja nini?"

"Ruhusa yake. Bila yeye hakuna mwalimu mkuu atakayethubutu kutoa kitu nje ya chumba cha mtihani."

Tukaenda naye. Nilikwenda na mwiko wangu, sijui kwa nini. Mikono ya mpishi haipendi kutoka mitupu.

"Kwa kinyozi?" shemeji akasema. "Mtihani wa darasa la saba ukalale kwa kinyozi, katikati ya manywele ya watu? Haijawahi kutokea na haitatokea mbele ya macho yangu."

"Mzee, mtihani haumo humu."

"Haumo humu wapi?"

"Humu trankini. Maswali yako kule kwa wakubwa. Yatashuka kwa mtandao wakati mtoto anapoanza, si kabla. Hivi vyenyewe ni vitupu. Nilieleza kwenye semina."

"Semina ipi?"

"Ile uliyotoka kwenda kukagua makufuli."

Afande Chilewa akaangalia buti zake. Shemeji akatazama lile tranki, akatazama kipande cha lakiri mkononi mwake. Nilimwona anahesabu. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sasa mimi siku sita hizi nimelinda nini?"

Kulikuwa na kimya pale, na mimi kimya huniwasha.

"Ngozi, shemeji."

"Umesemaje?"

"Wahenga walisema, mlinzi asiyelisha hulinda ngozi. Hujui? Mtu aliogopa wezi. Akamfungia ng'ombe wake zizini siku sita, magogo mlangoni, mkuki mkononi, usingizi hapati. Wezi hawakuja. Siku ya saba akafungua, akakuta ngozi imetandikwa juu ya mifupa. Hakuibiwa hata mkia. Haya, niambie, wewe mtoto wa wafugaji. Ana ng'ombe huyo?"

Amekulia zizini yule, ng'ombe anawajua kuliko watu.

"Hana," akasema.

"Na saa zinakwenda."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamgeukia Ntandu.

"Vipelekwe malishoni. Lakini askari aende navyo."

"Aende, mzee. Na wewe twende."

Ntandu akawa juu ya simu, shule moja baada ya nyingine, akisoma mstari wa chini wa kila ukurasa. Muda haukutosha kueleza mambo mengi, akawa anasema tu, "Mwalimu, vilisheni! Vikishiba niambieni!" Na wenyewe wakaelewa.

Wajukuu zangu, laiti mngeiona wilaya yetu siku ile. Hapa sokoni vishikwambi kumi viliingia kwa kinyozi, na Afande Chilewa akakaa kwenye kiti cha kunyolea, bunduki mapajani, akivilinda. Kinyozi hakuzoea kuona kichwa kimekaa pale bure, akamnyoa. Vingine vilikwenda zahanati, vikalazwa kwenye kitanda cha wagonjwa, na nesi akipita kuvipapasa kama vina homa. Kumi vya mwisho alivibeba shemeji mwenyewe hadi mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikataa kuzima kinu kwa sababu foleni ya akina mama ilikuwa ndefu, na akina mama hao walikuwa na midomo. Shemeji akaketi hapo hapo katikati ya vumbi la unga, mikono ameitandaza juu ya vishikwambi kama kuku anayeatamia.

Saa sita shule kumi zilikuwa zimetoa habari. Saa saba, ishirini na sita. Saa saba na nusu, thelathini na tatu. Ntandu alipiga alama kwenye kaunta buku kila simu ilipolia, na mimi nilimshikia glasi ya maji ambayo hakuinywa.

Ikabaki shule moja, Ilungu, nyuma ya mlima. Mstari wao wa chini ulisema: kanisa, betri ya spika. Simu ya mwalimu mkuu haipatikani. Ukipiga, haipatikani. Saa nane kasoro robo, haipatikani. Wakubwa walishasema ni wilaya nzima au si kitu, na shule moja ikikosekana lori linakuja palepale.

Shemeji akaingia, vishikwambi kifuani, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi viatu. Siku nyingine ningemcheka mpaka nilale chini.

"Bado?" akauliza.

"Bado Ilungu," Ntandu akasema.

Shemeji akaweka vishikwambi mezani, akakaa kando yake. Hakusema kuhusu lakiri wala makufuli. Saa nane kasoro dakika sita, simu ikatoa mlio mdogo. Ujumbe, namba ngeni, neno moja tu.

*Vimeshiba.*

Kumbe mwalimu mkuu wa Ilungu alichomoa simu yake mwenyewe kwenye betri ili kishikwambi cha mwisho kipate nafasi. Ikamzimikia, akakimbia kijiji kizima kutafuta mtu wa kumwazima nyingine.

Shule thelathini na nne zikaanza. Nilichungulia dirishani. Watoto wameinama, vioo vinawaangaza nyuso, hakuna anayenong'ona. Mwalimu Ntandu aliegemea ukuta, akateremka taratibu mpaka akakaa chini sakafuni na sketi yake nzuri, akacheka peke yake. Shemeji alisimama mlangoni, kwa mazoea. Muda ukapita, akanigeukia.

"Shemeji, uji umebaki?"

"Umebaki wa kukwangua."

"Kwangua."

Akaunywa amesimama, ukiwa baridi, bila sukari, kisha akashusha pumzi ndefu hata unga ukaruka kutoka masharubuni. Jumatatu lori halikuja. Vishikwambi ndivyo vile mlivyosomea ninyi.

Sasa niwaambie siri, maana babu mdogo wenu hayupo hapa. Wahenga hawakusema neno lile hata siku moja. Nililitunga pale pale na mwiko wangu. Lakini ukimwambia mzee "wahenga walisema", anavua kofia. Ukimwambia "mpika uji amesema", anaomba sukari. Miezi miwili baadaye, kwenye kikao cha walimu wakuu, shemeji Mughwai akasimama, akakohoa, akasema, "Marehemu babu yangu alikuwa na methali yake." Akaisema yote, na ng'ombe wake, na mkuki wake. Nilikuwa napitisha chai. Nikamtazama. Akatazama dari. Nikamwachia. Methali haitembei mpaka ipate mzee wa kuibeba, na yeye alikuwa na gari la ofisi.

Kwa hiyo mkiulizwa, semeni ni ya wahenga. Mimi nami sina siku nyingi nitakuwa mmoja wao.

Haya, na hao mbuzi mliowafunga kwenye nguzo tangu nianze kusema? Nimewaona mkigeuka kila mara kuwahesabu. Wote wapo, hakuna aliyeibwa. Lakini kivuli cha banda kimeshavuka ua, na mmoja ameanza kutafuna kamba.

Ehee. Mbona mnainuka kabla sijamaliza? Mlinzi asiyelisha hulinda ngozi.