Hatua ya Saba

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, tulieni basi, palikuwa na Mkeka. Si wa kulalia! Mkeka ni programu ya kutengenezea tovuti, ya bure, ya wote. Hata mwongozo wake huandikwa na yeyote anayejitolea.

Wageni watatu wa kazi hiyo walikaa maktaba ya Njombe wakiukagua mwongozo: Lutengano, Sikudhani na Nyamizi. Siku hiyohiyo muuguzi mmoja, Tabia, alikuwa zahanatini kwake akiufuata ili aitengenezee tovuti. Kompyuta yake ilibeba majina ya watoto mia sita wanaosubiri chanjo. Nakala nyingine hakuna.

Tabia akaandika kwenye ukurasa wa maswali wa Mkeka: "Nimeanza. Hatua ya nne imekubali."

Maktabani, Nyamizi akauliza, "Hatua ya saba inasema safisha data. Kusafisha huku ni kufagia, au kutupa vyote nje?"

Lutengano akacheka. Mstari ule aliuandika yeye. "Dada, safisha ni safisha. Kwenu hamsafishi?"

Nyamizi akaona haya, lakini akauliza tena.

Tabia akaandika: "Ya tano imekubali."

"Msibishane," akasema Sikudhani. Akaijaribu amri ile kwenye kompyuta yake, penye kazi yake ya miezi miwili. Akabonyeza. Mama yangu! Kazi yote ikapotea.

Tabia akaandika: "Ya sita imekubali. Naenda ya saba."

Sikudhani alikuwa analia. Nyamizi alishika mdomo. Lutengano akaandika kwenye ukurasa ule wa maswali, mbele ya maelfu ya wasomaji: "Dada Tabia, acha! Inafuta kila kitu! Nimekosea mimi, Lutengano."

Tabia akaandika: "Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nimeacha."

Bi Khanifa, mkuu wa mradi wa Mkeka, akawaambia wale watatu, "Mmoja wenu nitamkabidhi mwongozo wote wa Kiswahili. Mmoja tu."

Nyamizi akasema, "Nisingeuliza, nani angeshtuka? Nimechekwa, nikauliza tena."

Sikudhani akasema, "Swali lako lilichekwa likaishia hapo. Kilichowanyamazisha ni kazi yangu, na hairudi."

Lutengano akasema, "Mlijua nyote wawili. Nani alimwambia? Mmoja analia, mwingine kashika mdomo. Mimi nimejianika."

"Wewe ndiye uliyemtegea!" Sikudhani akafoka.

"Ndiyo. Na sitasahau neno lile maisha yangu yote. Nyie mtasahau."

Bi Khanifa akashindwa kuamua, akamwandikia muuguzi achague. Tabia akajibu: "Watoto wangu wapo, nawashukuru wote. Lakini kesho nina ukurasa mwingine wa mwongozo wenu wa kufuata, na watoto ni walewale."

Haya, wewe unayetikisa kichwa huko nyuma, usinitazame mimi. Je, mwongozo huo apewe nani: aliyeuliza, aliyepoteza, au aliyekosea akakiri?