Vuai na Kamera za Tajiri Suweid

Palikuwa na tajiri mmoja wa karafuu huko Wete, Suweid jina lake, aliyeziamini kamera kuliko macho ya binadamu. Alizikuta benki, akazikuta uwanja wa ndege, akaona naye hawezi kukosa. Akafunga moja dukani, moja ngazini, moja jikoni ikitazama kopo la sukari, na moja uani ikilitazama ghala na mlinzi wake, Vuai. Kisha akatoa amri: asiyeonekana kwenye kamera hakuja kazini, na asiyekuja kazini akusanye vyake.

Vuai hakujali. Miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa juu ya kirago mlangoni pa ghala, mgongo ukutani, bila hata kujikuna, maana aliamini mlinzi anayejinyoosha-nyoosha ni mlinzi mwenye usingizi.

Jumatano moja mji mzima ulikwenda mazikoni. Marehemu alikuwa jirani yake Vuai, na ilimuuma kutokwenda kumzika, lakini ghala lilijaa, akabaki. Upepo haukuvuma. Hata kunguru hakupita.

Kesho yake tajiri akamwita mbele ya wapagazi, skrini iko mezani. Akaeleza, kama fundi alivyomweleza, kwamba kamera ile haifanyi kazi bure: hulala, na kitu kikisogea ndipo huamka ikarekodi. Jana, baina ya saa mbili na saa sita, haikurekodi chochote. Kwa hiyo Vuai hakuwepo, na kile chumba cha uani anamoishi na mkewe akihame leo hii.

Vuai akamfikiria mkewe. Atamwambia nini? Lakini uso hakuubadilisha.

"Tajiri, saa mbili unaniona?"

"Nakuona. Umekaa."

"Na saa sita?"

"Umekaa."

"Umeniona nikiondoka?"

"Sikukuona."

"Nikirudi, je?"

Mpagazi mmoja akakohoa. Tajiri akakunja uso.

"Usinizungushe, Vuai. Mimi sisemi kuondoka wala kurudi. Nasema kuwepo. Kisichokuwemo humu hakikuwepo."

"Hata kiwe nini?"

"Hata kiwe nini."

"Haya. Baina ya saa mbili na saa sita, mlango wa ghala umo?"

Tajiri akainamia skrini. "Hamna picha."

"Kuta zake?"

"Nimekwambia hamna picha."

"Na paa?"

Wapagazi walikuwa wanatazama chini, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Leo asubuhi umeyakagua magunia, tajiri?"

"Nimeyakagua. Yote yapo."

"Basi nishukuru. Ghala lako jana liliondoka asubuhi nzima. Nami huko lilikokwenda nililifuata, nikalilinda, nikakurudishia bila gunia kupungua."