Mbiu na Goti la Tembo

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, maana kompyuta zilikuwepo na wanyama walizibonyeza kuliko ninyi, palikuwa na bonde lenye mto mkorofi. Masika yakija, mto ulifura ukaingia majumbani bila hodi.

Mzee Tembo akaunda programu, akaiita Mbiu, kwa kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kijiti cha kupimia maji kilisimama mtoni, Mbiu ikakiangalia mchana na usiku. Maji yakizidi ilipiga honi, pooo! pooo! na wanyama wakakimbilia mlimani.

Tena, nisimnyime haki yake, Tembo aliifanya iwe programu huria. "Ni yetu sote!" alisema. "Mwenye macho aifungue aone ilivyoandikwa ndani. Akikuta kasoro, achukue nakala, arekebishe, ajaribu, kisha atuletee. Sisi walezi tutasoma, na ikifaa tutaiingiza."

Walezi walikuwa watatu: yeye Tembo, Nyati na Kiboko. Maneno matamu hayo, eti? Ngojeni.

Kando ya mto, ndani ya kichuguu, aliishi nguchiro mmoja, jina lake Sikudhani, na wanawe watatu. Masika yaliyopita maji yalimwingilia Mbiu ikiwa kimya. Alimtoa mtoto wa kwanza, akamtoa wa pili. Aliporudi kumchukua Chausiku, kitindamimba wake, hakukuta mtoto, alikuta maji. Honi ililia baadaye sana, mama wa watu ameshachoka kulia.

Matanga yalipokwisha aliifungua Mbiu. Akasoma mstari kwa mstari mpaka akaufikia wenyewe: maji yakifika goti la Tembo, piga honi.

"Goti la Tembo!" akapiga kelele. "Mungu wangu! Maji yakifika hapo sisi tumeshazikwa!"

Akafuata utaratibu wote, hakuruka hata hatua. Alikwenda kwanza kuwaeleza walezi kasoro. Akachukua nakala, akafuta mstari ule mmoja tu, akaandika goti la nguchiro. Akajaribu nyumbani kwa karai la maji, honi ikalia barabara. Akapeleka.

Nyati akasoma, akakunja uso. "Mbona umeacha nafasi mbili mwanzoni mwa mstari? Sisi huacha nne."

Akarekebisha, akarudi.

"Goti la nguchiro yupi?" akauliza Nyati tena. "Dume au jike?"

Akaandika jike, akarudi.

Kiboko akapiga miayo. "Mimi bado sijaona tatizo liko wapi. Maji yakijaa ndipo ninapolala vizuri."

"Mzee Kiboko, wewe unaishi majini!"

"Ndiyo nakwambia, kwangu halipo."

Tembo akatikisa kichwa. "Binti yangu, punguza jazba. Tutalijadili baada ya masika."

"Baada ya masika? Nitakuwa nimebaki na nani?"

"Adabu!" akafoka Nyati.

Papo hapo Tembo akatoa kazi yake mwenyewe: furushi la kurasa, kabadilisha rangi za Mbiu yote. Nyati na Kiboko hawakufungua hata ukurasa wa kwanza. "Kazi ya mkubwa hiyo! Safi! Ipite!" Ikapita.

Sikudhani akalitazama furushi lile. "Kumbe hawa," akajisemea, "mstari mmoja wanautafuna, gunia zima wanalimeza."

Kesho yake akaenda kwa Tembo, sauti imepakwa asali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja tena na magoti yako?"

"Nimeyaacha, Mzee wangu, naona aibu. Nimekuja kwa jingine. Mbiu ni yako, lakini inalia kama baiskeli! Si ingelia kwa sauti yako? Na mtu akiifungua akutane na picha yako, na sifa za babu zako?"

Masikio ya Tembo yakaanza kupepea. "Wazo hilo! Lakini muda wa kuandika sina."

"Niachie mimi. Jina utaweka lako."

"Naam! Sasa umejua namna ya kuchangia!"

Sikudhani akakaa kitako, ta-ta-ta-ta, akaandika. Sifa za mkonga, sifa za babu, sifa za pembe, kurasa kwa kurasa za upuuzi. Na katikati, baina ya babu na pembe, akautia mstari wake wa goti la nguchiro. Akishikwa, hatakaribia Mbiu tena, na wanawe wawili waliobaki watasubiri maji mashimoni.

Tembo aliona picha yake ukurasa wa kwanza, akacheka, akatia jina. Nyati akalipima furushi kwa ukwato. "Lo, nene! Hii ndiyo kazi!"

"Asiulize mtu swali," akasema Kiboko. "Ipite!"

Masika yakaingia. Mvua ilishuka mbwaaa! Alasiri moja Mbiu ikalia kwa sauti ya Tembo, praaaa! praaaa! Panya, kobe, sungura, wadogo wote wakatimua mbio mlimani, na Sikudhani kawakamata wanawe huku na huku.

Tembo akatoka amefura. "Nani anaichezea? Maji hayajalowesha hata kucha zangu! Izimeni!"

Hakumaliza kusema. Mto ukaja vuuuu! ukabeba milango, ukabeba masufuria, ukabeba vitanda. Kule juu kila mama alihesabu wanawe. Hakupungua hata mmoja.

Panya Buku, jirani yake Sikudhani, akajitupa miguuni pa Tembo. "Baba yetu! Jina lako tumeliona kwenye marekebisho! Umetuokoa!"

Tembo akatazama maji, akatazama umati, akasafisha koo. "Ndiyo. Mimi huwa naona mbali."

Vigelegele! Makofi!

Sikudhani akafungua mdomo aseme. Halafu akafikiri: akisema, kesho hawa watatu watakaa kikao, wauchomoe ule mstari kwa hasira tu. Akaufunga mdomo, akapiga makofi pamoja na wengine. Ilimuuma, msidhani haikumuuma. Nyongo ilimpanda mpaka kooni, akaimeza.

Panya Buku akamgeukia. "Na wewe, jirani, kutwa kulalamika, Mbiu hivi, Mbiu vile. Wenzio wanachangia. Wewe umechangia nini?"

"Sijachangia kitu, jirani," akajibu Sikudhani, akiwavuta wanawe karibu. "Mshukuru Mzee."

Hadithi yangu imegota hapo, na funzo lake ni chungu, limezeni hivyo hivyo: wakubwa wanaposoma jina badala ya kazi, mdogo huokoa watu na makofi yakaenda kwa mwingine.