Nyati Alikuwa na Kasi, Nguchiro Alikuwa Amefika

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na mbio, na aliyemaliza kwa kasi zaidi akashindwa.

Uongo.

Nani kasema uongo? Wewe mwenye meno mengi? Sogea mbele, ubishe vizuri. Mimi siwahadithii watu wanaokubali upesi.

Basi, kiangazi kilikausha mito yote, kikabaki kisima kimoja, na kisima akakikalia Nyati. Akinywa, gubu gubu gubu. Akishiba, analala pembeni. Akiamka, gubu gubu gubu. Nguchiro akaja na wanawe, ndimi zimewakauka, akaambiwa arudi masika.

Nguchiro hakurudi. Alikaa kichakani akitazama. Akaona Simba anamfukuza Nyati. Mwanzoni Nyati alijivuta, ndu, ndu, ndu, nusura Simba amshike mkia. Halafu akakolea, vuuu, Simba akabaki anakula vumbi. Nguchiro akajisemea: kumbe huyu akikolea hashikiki, ila kukolea kwake kunachelewa.

Kesho yake akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Masika bado."

"Nataka tushindane mbio. Nikishinda, kisima changu."

"Na ukishindwa?"

"Hutatuona tena hapa, mimi na wanangu."

Nyati akacheka mpaka maji yakamtoka puani. "Twende mpaka mlimani?"

"Kwa miguu hii, mzee? Tuishie pale kwenye kichuguu."

"Pale? Hata mwili haujapata moto."

"Ndiyo unionee huruma. Tena tuanzie hapa hapa kisimani, uendelee kunywa mpaka tunaondoka."

Hilo la kunywa ndilo lililomwingia. Nyati akasimama na miguu yote minne topeni, gubu gubu gubu, tumbo likawa ngoma. Nguchiro akachagua jiwe kavu, akakita kucha. Kanga, ambaye ndiye mwamuzi, akalia: ka-ka-ka.

Nguchiro, pyuu. Nyati, chwaa, chwaa, anakanyaga palepale, matope yanaruka. Nguchiro kafika nusu ya njia, Nyati ndiyo kwanza anachomoa mguu wa nyuma. Ndu, ndu, ndu. Halafu vuuu. Ardhi ikatetemeka. Nguchiro akasikia pumzi ya moto mgongoni, na yeye hakuwa na mbio nyingine zaidi ya zile alizoanza nazo. Akanyoosha mkono, akagusa kichuguu. Hapo hapo Nyati akampita kama upepo, akashindwa kusimama, akapotelea kwenye miiba.

Alirudi anachechemea. "Semeni ukweli. Pale kichuguuni nani alikuwa na kasi?"

"Wewe, mzee," Kanga akasema. "Kasi ilikuwa yako. Ila Nguchiro alikuwa ameshafika."

"Basi turudie, tuongeze umbali."

"Ongeza tu, mzee, ukimbie mwenyewe," Nguchiro akasema. "Mimi nanywesha watoto."

Hadithi yangu imegusa kichuguu, anayebisha aifukuze. Na funzo lake, watoto: usihangaike na unavyoanza, we kazana mwishoni tu.

Mnaguna nini? Haya, kipo kipande nilikiruka. Wanawe waliposhiba, Nguchiro alilala pembeni ya kisima. Kanga akaja na vifaranga wake, akaambiwa arudi masika. Kanga hakurudi. Amekaa kichakani, anatazama. Ameshaona kwamba Nguchiro anaondoka vizuri sana, ila hakawii kuchoka. Nasikia anataka mbio za mpaka mlimani.